Mshale Usipite Arobaini

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso na kabla hajasalimia mtu, Papa Grégoire aligonga vioo vya saa zake kwa kidole, moja baada ya nyingine, kama mtu anayebisha hodi kwa majirani. Akishagonga, anatega sikio. Saa ikijibu vizuri anaiambia, "Aksanti." Halafu anafungua kioo na kuusukuma mshale mkubwa mbele. Kidogo tu.

Kusukuma huko kulijulikana Misiera yote, kijiji kimoja cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kuanzia kwa wauza vitenge mpaka kule Base Camp penye ofisi. Hakuna saa iliyowahi kutoka mikononi mwa Grégoire ikisema wakati wa kweli. Yeye aliita jambo hilo huruma.

"Saa yenye kusema kweli haina roho," alikuwa akisema. "Inakuangalia unachelewa, inanyamaza tu. Lakini saa yangu inakushitua. Unakimbia, unafika, unakuta mulango haujafungwa. Sasa nani amekusaidia?"

Shida ni kwamba watu walizoea. Mtu akitazama ukuta akaona saa mbili, anajiambia, "Aa, hiyo ni ya Grégoire," anamimina chai nyingine, anachelewa vilevile. Grégoire akajua kwamba watu wanatoa dakika zake, akaongeza. Watu wakajua ameongeza, wakatoa zaidi. Mwisho zikawepo nyumba ambazo watu walikula cha mchana wakati ukuta unasema jua limekwisha kuzama.

Adui yake mkubwa katika vita hiyo alikuwa Mama Constance, muuza samaki, jirani wa mlango kwa mlango. Constance alipaswa kudaka pikapu ya samaki kila alfajiri, na alikuwa na usingizi mzito kama gunia la mahindi. Mara kwa mara alikuja na saa yake ya kengele chini ya kwapa.

"Papa Grégoire, hii saa yako imekuwa muongo tena. Punguza."

"Napunguza, Mama."

"Punguza mbele ya macho yangu."

Grégoire alipunguza mbele ya macho yake. Constance akigeuka kuchukua kitambaa cha kuifungia, kidole cha Grégoire kilikuwa kimekwisha kupita, na saa iko mbele kuliko ilivyokuja. Kwa hiyo Constance hakuwahi kuachwa na pikapu hata siku moja, na alitembea Misiera akijisifu kwamba yeye ni mwanamke wa kuamka.

Lakini huruma haijazi sufuria. Simu zilikuwa zimemeza saa. Kijana ukimuuliza saa ngapi, anatoa simu mfukoni, na simu haihitaji fundi wa kuisukumia mshale. Grégoire, aliyekuwa na kibanda mjini Uvira, kule Kongo, tangu hajaota ndevu, sasa alikaa kambini siku nzima akipuliza vumbi kwenye saa ambazo wenyewe walizisahau. Ndipo akaanza kuota baraza. Baraza tu, siyo duka, mahali pa meza moja na kiti, lakini liwe Mbarara, ambako kila shule na kila duka lina saa ukutani, na wazee bado wanavaa saa za kutia ufunguo.

Baraza lilikuja lenyewe, na lilikuja ndani ya gari.

Lilikuwa gari aina ya Austin, jeupe, la zamani, lenye pua ndefu na macho mawili ya mviringo. Lilisimama mbele ya kibanda polepole kama bibi anayeketi. Akashuka Hajji Kamaldin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Mbarara, ambaye alikuja Misiera kununua maharage kila msimu. Alikuwa na kofia iliyonyooka na uso wa mtu aliyeonewa.

"Wewe ndiye fundi wa mishale?" aliuliza.

"Ya saa, Hajji."

"Mshale ni mshale. Kuja uone."

Alimwonyesha spidomita. Namba zake zilikuwa za maili, kama gari lilivyotoka Uingereza. Hajji akasimulia, na kadiri alivyosimulia ndivyo alivyozidi kuumia. Gari lilikuwa la marehemu baba yake. Mzee alipokuwa anakata roho alimshika mkono, akamwambia, "Kamaldin, hii gari, mshale usipite arobaini." Akaapa. Miaka yote hiyo hakuwahi kuupitisha, hata siku mke wake alipokuwa na uchungu wa kuzaa.

"Sasa juzi, hapo Ruti, karibu kuingia Mbarara, traffic ananisimamisha. Anasema, 'Mzee, unakimbia.' Mimi nasema, 'Niko arobaini, angalia.' Ananiambia hiyo ni arobaini ya maili, ya kilometa ni sitini na nne. Sitini na nne! Mbele ya watu wa soko. Mimi, Kamaldin, napita arobaini?"

"Lakini Hajji, baba alikuwa anasema ya maili," Grégoire alisema taratibu.

"Baba hakusema maili. Baba alisema arobaini."

Grégoire aliona kwamba huyu ni mtu wa neno lake, na mtu wa neno lake hasukumwi kwa kidole.

Magereji yote ya Mbarara yalikuwa yamemwambia Hajji atupe spidomita hiyo na kuweka ya Toyota. Hajji aliwaambia wawatupe mama zao kwanza. Sasa bintiye Ruqayah alikuwa anaolewa, naye angepelekwa msikitini kwa gari la babu yake, kwa kilometa, kihalali.

"Geuza hii maili ikuwe kilometa," alisema. "Mshale useme ukweli, mtoto wangu afike kwa nikaha mapema. Ukifanya hivyo, lile baraza la duka langu ni lako. Fundi cherehani ametoka, liko tupu. Nimesema."

Basi Grégoire alifunga vifaa vyake kwenye kitambaa, akapanda Austin, akaenda kulala Ruti kwenye stoo ya Hajji, katikati ya misumari na mabati. Kabla hajaondoka Constance alimwinulia saa yake dirishani.

"Unaniacha na huyu muongo?"

"Nitarudi kuiona, Mama."

"Usirudi haraka. Niko nataka kulala kidogo."

Kazi yenyewe ilimpendeza kuliko kazi yoyote tangu Uvira. Alipofungua spidomita alikuta ndani ni kama ndugu wa saa. Kuna sumaku inayozungushwa na waya mrefu unaotoka chini ya gari, na kuna springi nyembamba kama unywele inayouzuia mshale usiifuate sumaku moja kwa moja. Springi ikikazwa mshale unakuwa mvivu. Ikilegezwa mshale unakuwa mwoga, unaruka hata kwa kitu kidogo. Grégoire alicheka peke yake. Springi za namna hiyo alizijua kama mtu anavyojua wakwe zake.

Alifuta namba za maili, akapaka uso wa spidomita rangi nyeusi, akachora namba mpya kwa brashi ya nywele chache za mbuzi. Nyeupe ilikuwepo stoo. Nyekundu ya kuandikia KM haikuwepo, akaomba kwa bibi harusi, na Ruqayah akampa rangi yake ya kucha.

"Usiimalize, Papa," alimwambia. "Nina vidole kumi."

Halafu wakaenda kupima kwenye barabara ya Kabale, mahali penye vibao vya kilometa. Hajji aliendesha, mgongo wima. Grégoire alikaa pembeni na saa ya kengele kwenye mapaja.

"Tukishika arobaini," alieleza, "kutoka kibao mpaka kibao inapashwa kula dakika moja na nusu. Ikikula mingi, mushale inadanganya. Ikikula kidogo, inadanganya vilevile."

Walikwenda wakarudi, wakaenda wakarudi. Kila mara Grégoire alitoa spidomita, akaigusa springi kwa koleo dogo, akairudisha. Wauza ndizi wa kando ya barabara wakaanza kuwapungia mkono kama jamaa. Mara ya mwisho kibao na mshale vikakutana sawasawa, kama kifungo na tundu lake. Hajji alitoa leso, akafuta jicho.

Ingeishia hapo, leo Grégoire angekuwa Mbarara.

Lakini jioni, spidomita ikiwa mezani ikingoja kufungwa kifuniko, alikaa akiitazama. Ilikuwa inasema kweli tupu. Haikuwa na huruma hata punje. Akafikiri: Hajji ni mzee, macho yake si yale. Akachukua koleo, akailegeza springi kidogo, mshale uwe mbele kidogo, mzee apunguze mwendo. Akaweka koleo chini. Akafikiri tena: ndani atakuwamo bibi harusi. Akalegeza kwa ajili ya bibi harusi. Halafu kuna malori ya Kabale. Akalegeza kwa ajili ya malori. Halafu kuna wale ng'ombe wa pembe ndefu, wanaovuka barabara kama wao ndio walioichimba. Akalegeza kwa ajili ya ng'ombe, kisha akafunga kifuniko na kulala usingizi wa mtu aliyetenda wema.

Harusi ilikuwa kesho yake. Bibi harusi alitayarishiwa kwa shangazi yake, Hajati Kulusum, dada mkubwa wa Hajji, ambaye shamba lake liko mbali kupita Ruti. Kutoka huko walipaswa kufika msikiti wa mjini kabla ya adhuhuri, kwa sababu imamu alikuwa na nikaha nyingine ya kwenda kufungisha, na alikuwa amesema wazi kwamba hangojei mtu. Austin lilipambwa riboni. Ruqayah na Hajati Kulusum walikaa nyuma, wamejaa nguo mpaka madirishani. Hajji alimwamuru Grégoire akae mbele. "Aliyetengeneza mshale akae na mshale," alisema.

Wakaondoka. Mshale ukapanda haraka sana, ukafika arobaini kabla hawajatoka nje ya geti vizuri. Hajji akauangalia, akatabasamu, akaushika hapo hapo.

Mtu mwenye baiskeli iliyobeba mikungu mitatu ya matoke akawafikia, akaenda sambamba na dirisha la nyuma.

"Hongera kwa harusi," alisema.

"Asante," alijibu Hajati Kulusum. "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mkubwa yuko na homa kidogo."

Wakaongea habari za homa mpaka zikaisha, wakaongea habari za mvua, kisha mtu wa baiskeli akaaga kwa heshima, akakanyaga pedali na kuwaacha.

"Kamaldin," alisema Hajati Kulusum, "gari yako inaumwa?"

"Gari ni mzima. Tuko arobaini."

"Arobaini ya nini?"

"Ya kilometa, dada. Mmekuwa wazito, mmekula sana asubuhi."

Nyuma yao magari ya wageni yalikuwa yamejipanga kama siafu, yanapiga honi. Hajji alidhani ni vigelegele, akawapungia mkono. Watoto wa njiani walitembea pembeni wakigusa riboni, na mmoja akamuuliza Ruqayah kama wanampeleka hospitali. Pale kwenye duka la soda Hajati Kulusum alifungua mlango, akashuka, akanunua maji, akabishana na muuzaji juu ya ubaridi wake, akapanda tena. Gari halikuwa limesimama.

Grégoire alikuwa anatoka jasho. Alijua. Alihesabu vibao kimoyomoyo na kuona kwamba huruma ya malori peke yake ingetosha, na ile ya ng'ombe ilikuwa imezidi. Akisema, baraza limekwenda. Akinyamaza, imamu atakwenda, na msichana aliyemwazima rangi ya kucha atabaki msikitini na nguo zake zote na hakuna wa kumfungisha.

"Baba," alisema Ruqayah kutoka ndani ya shela, kwa sauti ndogo, "yule mtu wa matoke amekwisha kushusha mzigo, sasa anarudi."

Kweli alikuwa anarudi. Akawapungia mkono, hakuuliza kitu.

"Hajji," alisema Grégoire. "Mushale iko mbele."

"Mbele wapi?"

"Mbele ya ukweli. Ulikuwa sawa, ulijionea. Kiisha jana niliongeza huruma."

"Gari inaongezewa oil. Huruma ni kitu gani?"

"Mushale inasema arobaini, lakini sisi tuko tunaenda kama…" Grégoire alitafuta neno la adabu. "Kama punda mwenye afya."

Hajati Kulusum akaanza kucheka, akajaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi, haikuwezekana.

Hajji aliutazama mshale, akatazama barabara, akautazama mshale tena. Mguu wake haukuongeza hata kidogo.

"Kanyaga, Baba," alisema Ruqayah.

"Niliapa."

"Lakini fundi mwenyewe amesema haujafika arobaini ya kweli."

"Niliapa kwa mshale, sikuapa kwa fundi. Mshale usipite. Unataka nikakutane na babu yako, aniulize?"

"Babu atakuwa amekwisha kusahau ukifika huko kwa mwendo huu," alisema Hajati Kulusum.

Nyuma honi zilizidi. Grégoire aliutazama ule mshale alioutia woga kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akavua koti, akalikunja, akainama chini ya dashibodi. Kichwa kikaingia katikati ya miguu ya Hajji.

"Unafanya nini huko, fundi? Unanitekenya."

"Usisogeze muguu, Hajji."

Alipapasa mpaka akaupata ule waya mrefu unaoizungusha sumaku. Akafungua kwa vidole kofia ya chuma inayoushika waya. Waya ukachomoka. Juu yake mshale ukaanguka wote kwa mara moja, ukalala kwenye sifuri.

"Imekufa," alisema Hajji.

"Haikufa," ilisema sauti ya Grégoire kutoka chini. "Inapumzika. Inasema ngapi?"

"Sifuri."

"Sifuri imepita arobaini?"

Hajji alifikiri sana. Alikuwa mtu wa dini na hakupenda hila. Alilizungushazungusha jambo hilo kichwani kutafuta dhambi mahali fulani, na hakuipata.

"Haijapita," alisema.

Akakanyaga.

Kumbe Austin lilikuwa limengojea ruhusa hiyo tangu siku ya mazishi ya mzee. Lilinguruma, likainua pua, likaondoka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Grégoire alikuwa bado chini na alibaki huko, kwa sababu hapakuwa na namna ya kutoka. Alisikia Hajati Kulusum akisoma dua zote anazozijua na baadhi asizozijua. Ruqayah alikuwa anacheka. Ruti ikapita bila kuonekana. Daraja la mto Rwizi lilisikika tu, bumm, mara moja. Na kila mara Hajji aliinamisha macho kwenye spidomita na kusema kwa sauti ya kuridhika, "Sifuri. Bado sifuri."

Walipofika, imamu alikuwa amevaa kiatu kimoja na anatafuta cha pili. Akakivua kile kimoja. Nikaha ikafungwa.

Kwenye karamu, nyumbani kwa Hajji, Grégoire alikaa kwenye mkeka mbele ya sahani ya pilau, akingoja kuambiwa arudi zake Misiera. Hajji akasimama, akaomba watu wanyamaze.

"Huyu fundi alinidanganya," alisema, "na pia ameniokoa. Nilimuahidi baraza kama mshale utasema ukweli na mtoto atafika mapema. Mtoto amefika. Na mshale sasa unasema sifuri, na gari imesimama hapo nje, kwa hiyo ni ukweli. Baraza ni lake. Neno langu ni hilo."

Watu wakapiga makofi. Grégoire aliinamisha kichwa. Lile baraza. Aliona kabisa meza itakaa wapi.

"Lakini fundi," aliendelea Hajji, "sharti ni moja. Hapa ni mjini. Saa zitakazotoka kwa baraza langu ziseme ukweli mtupu. Hakuna kusukuma, hata kidogo. Apa."

Grégoire alitazama juu. Kwenye ukuta wa Hajji kulikuwa na saa kubwa, na ilisema kweli kwa dakika. Chini yake walikaa wageni waliopaswa kuwa wameshaondoka kumsindikiza bibi harusi kwa mume. Waliitazama saa, wakaona kweli, wakaongeza pilau. Saa haikuwafanya lolote. Ilikuwa inawaangalia tu.

Akamfikiria Constance. Leo alfajiri hakuwepo mtu wa kumwongezea. Kesho angepeleka saa kwa nani, aipunguze kweli kweli kama anavyoomba? Pikapu ingemwacha. Angebaki amesimama barabarani na beseni tupu, akishangaa jinsi bidii yake ilivyopotea.

"Apa basi," alisema Hajji, na Grégoire alijua kwamba mbele ya mtu huyu ukiapa umeapa.

"Nanawa mikono kwanza, Hajji," alisema. "Nakuja."

"Mikono ulishanawa," alisema Hajati Kulusum.

"Ilishika waya, Mama. Iko na girisi."

Alichukua koti lake na kitambaa cha vifaa. Alipita kwenye masufuria, akawasalimia wapishi, akaupita mtungi wa maji bila kuinama. Nje Austin lilikuwa kwenye kivuli, riboni zimelegea. Grégoire aliingiza mkono dirishani, akagonga kioo cha spidomita kwa kidole, akatega sikio. Kisha akashika njia ya kwenda mahali magari ya Nakivale yanapojazia abiria, kwanza polepole, halafu mbiombio, kama mtu aliyetazama saa yake mwenyewe. Ndani ya nyumba Hajati Kulusum aliifunika sahani ya fundi isipoe, na kila mlango ulipolia Hajji aligeuka kuangalia, mpaka wakakunja mikeka.